Kocha Aliyemfuta Kipa Wake

Siku ya mwisho ya msimu, saa saba na nusu mchana, Reino Kallio alichukua kalamu ya wino akamfuta kipa wake mwenyewe.

Hakukusudia. Alikuwa ameketi kwenye kichumba chake chini ya majukwaa, fomu ya wachezaji mezani, pasti, lile andazi la nyama na viazi, imepoa kando. Fomu hiyo huletwa na ligi ikiwa na majina yote yamepigwa chapa. Kazi ya kocha ni kumpiga mstari asiyecheza, kutia sahihi, basi. Asiyecheza siku hiyo ni Aho, aliyevunjika mkono, na kwa kuwa majina hufuata herufi, Aho hukaa juu kabisa. Reino akapapasa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba, akaupata mstari wa kwanza, akaukata kwa wino, mstari ulionyooka kama wa mwalimu. Akatia sahihi. Bertucci, anayenoa viatu vya barafuni na ambaye pia ni msaidizi wa kocha na mkandaji wa misuli, akaichukua bila kuitazama akampelekea mwamuzi.

Sasa, wiki ile ile ligi ilikuwa imebadilisha fomu. Makipa wamepandishwa juu, wengine wanafuata. Mtu mwenye macho angeona. Reino alikuwa na macho, tena mawili, ila tangu Oktoba yalikuwa yamevaa ukungu kama dirisha la jikoni siku ya kuchemsha viazi, na mtu pekee aliyejua ni yeye. Au ndivyo alivyodhani.

Na siku yenyewe haikuwa ya kuchezea. Timu yetu, Sululu wa Hendry, ilihitaji pointi moja tu kuingia kwenye mtoano. Si ushindi: pointi moja. Mchezo huu wa magongo barafuni una huruma yake: ukifika dakika sitini mko sare, hata ukifungwa kwenye nyongeza unapewa pointi yako ukajifute machozi. Wade Prusak, mwenye maduka ya matairi na mwenye timu, alikuwa amesema mbele za watu: Reino akifika mtoano, ana mkataba wa miaka miwili, asipofika, mkataba wake unakwisha pale pale filimbi ya mwisho inapolia, na bima yake ya hospitali inakwisha nayo.

Mkewe, Darlene, naye alikuwa amesema lake, jikoni, akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa amehamia miji kumi na mitatu kwa miaka ishirini na sita, akifuata timu ambazo nyingine zilikufa kabla pazia halijatundikwa. Hapa Hendry alikuwa mpishi mkuu wa shule, na watoto walikuwa wakila mboga bila kutishwa.

"Safari hii, Reino," alisema, "ukifukuzwa utahama peke yako. Nitakufungia chakula cha njiani, lakini sipandi gari."

* * *

Wachezaji walikuwa wameshaingia barafuni kupasha misuli moto pale mwamuzi alipoteleza hadi benchi na karatasi mkononi.

"Kocha, kipa wako namba thelathini na moja hachezi."

"Nani kasema?"

"Wewe umesema. Umemfuta."

Reino akaishika karatasi karibu na pua, kisha mbali, kisha karibu tena. "Hapa nimemfuta Aho."

"Aho yumo. Ana plasta mpaka kiwikoni, lakini kwa karatasi hii yumo. Aliyetoka ni Lubomir."

Kocha wa wageni, Nyegere wa Danforth, jina lake Vandersloot, alikuwa ameegemea ubao unaozunguka barafu akisikiliza kama mtu anayesomewa wosia unaomhusu. "Sheria ni sheria, Reino," akasema kwa upole wa kuudhi. "Mwache kijana apumzike. Karatasi ina sahihi yako."

"Karatasi inaweza kurekebishwa."

"Kabla ya kupokelewa, ndiyo. Hii imeshapokelewa."

Tulikuwa na kipa wa pili, lakini timu kubwa inayotukopesha wachezaji ilikuwa imempigia simu saa nane akachukue ndege. Ndivyo wanavyotufanya: wao wakipiga chafya, sisi tunavuliwa shati. Lubomir, kijana mrefu kutoka huko mbali kwao, akabaki ameketi na mavazi yake yote kama bwana harusi aliyeachwa mlangoni.

Kutoka juu jukwaani sauti ya Prusak ikashuka, na kwa kuwa ukumbi wetu ni wa mabati, ilishuka mara mbili. "Kocha gani anamfuta kipa wake? Hata mke wangu asingemfuta kipa, naye anadhani kipa ni mlinzi wa geti!"

Watu wakacheka. Reino akatazama barafu, au upande ilikokuwa barafu.

Kila ukumbi wa ligi ndogo una raia wake wa dharura, mtu mwenye kazi yake anayekaa jukwaani na mfuko wa vifaa garini, kwa malipo ya tiketi ya bure na pasti moja, endapo makipa wote watapatwa na janga. Wetu ni Gordon Pelkola, dereva wa basi la shule, umri arobaini na saba, mkwe wangu. Kwa miaka tisa hajawahi kuitwa. Kipaza sauti kilipotaja jina lake alikuwa katikati ya pasti ya pili.

"Mimi?" akauliza.

"Kwani kuna Gordon mwingine?" binti yangu akamwambia. "Shuka. Umekula vya watu miaka tisa, leo kavilipie."

* * *

Kipindi cha kwanza nitakieleza kwa ufupi, kwa heshima ya mkwe. Bao la kwanza, kisahani, kile kidude cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, kilipita katikati ya miguu. La pili lilipita juu ya bega akiwa anatafuta la kwanza. La tatu alilisindikiza mwenyewe kwa gongo lake. Tatu bila, na filimbi ya mapumziko ilipolia akaenda moja kwa moja chooni kurudisha pasti.

Darlene hakuwa akimtazama Gordon. Alikuwa akimtazama mumewe. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo na hakuwahi kumwona amekosea karatasi. Reino angeweza kusahau siku ya ndoa, lakini si fomu. Akashuka ngazi, akamwomba mwamuzi aione ile karatasi, na mwamuzi, ambaye watoto wake walikula kwa Darlene, akampa. Akautazama mstari wa wino. Ulikuwa umenyooka mno. Haukuwa mstari wa mtu mwenye haraka. Ulikuwa wa mtu mwenye uhakika na kitu asichokiona.

Akamkuta kwenye ujia, karibu na mashine ya kulainisha barafu.

"Reino. Hivi ni vidole vingapi?"

"Usinichezee mbele ya watu, Darlene."

"Watu wako wapi? Vingapi?"

"Viwili."

"Sijainua mkono."

Maji yakatiririka chini ya mashine.

"Tangu lini?"

"Oktoba. Mwanzoni lilikuwa la kushoto tu."

"Oktoba! Na gari ulikuwa ukiendesha!"

"Barabara naijua."

"Na lile sanduku la barua la bibi jirani nalo ulikuwa unalijua?"

Sanduku hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimewalaani watoto wa shule miezi mitatu mizima, tena kwa majina.

"Kwa nini hukwenda kwa daktari?"

"Daktari wa macho mji huu ni mmoja, naye ni shemeji yake Prusak. Ningeketi kwenye kile kiti asubuhi, mchana niko barabarani. Nani anaweka kocha kipofu?"

"Na mimi? Mimi pia ni shemeji yake Prusak?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliyezaa saba sina la kuongeza. Darlene alikuwa na hasira ya kutosha kumwacha pale pale, lakini aliona jinsi mumewe alivyoweka kiganja ukutani, kidogo tu, kujua ukuta uko wapi, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Ingia uwaambie wachezaji wako," akasema.

"Nikiwaambia, Prusak atajua kabla ya kipindi cha pili."

"Na usipowaambia, watatandikwa kumi bila na bado atajua. Kwa nini watu wazima wacheze na dereva wa basi golini bila kuelezwa sababu? Ingia. Nakusubiri hapa."

* * *

Chumba cha kubadilishia kilinuka soksi na marhamu. Wachezaji ishirini walikuwa wameinamisha vichwa, na Gordon, amelowa uso, ameketi mwisho kabisa akiomba radhi kwa kila anayepita.

"Jamani," Reino akaanza, "kosa la leo ni langu. Si la Bertucci, si la ligi. Mimi sioni."

Gordon akaacha kuomba radhi.

"Sioni vizuri. Nawaona kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu. Nimewadanganya tangu Oktoba."

Nahodha Marchuk, jitu la meno machache, akakohoa. "Kocha, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba huoni. Tunajua tangu kabla ya Krismasi. Unakumbuka siku ulipomkemea Zelinski kwa uvivu, dakika mbili nzima, ukamwambia hana moyo wala miguu?"

"Nakumbuka. Alisikiliza kwa adabu."

"Zelinski alikuwa chooni, kocha. Ulikuwa ukilikemea koti lake."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, kisha wa pili. "Na lile koti likabadilika," akasema Zelinski mwenyewe. "Tangu siku ile linacheza kunishinda."

Chumba kizima kikaanguka kicheko. Reino alisimama katikati, mdomo wazi.

"Sasa mnaponipigia kelele namba zenu mkirudi benchi, 'Tisa nimerudi! Kumi na nne nimerudi!'... mimi nilimwambia mwandishi wa gazeti kwamba ni mbinu yangu."

"Tulisoma," Marchuk akasema. "Tukasema wacha ajisifu. Ulikuwa huoni nani ametoka barafuni, tungeadhibiwa kila mechi kwa kuzidi uwanjani. Lakini masikio yako, kocha, hakuna kocha wa ligi hii mwenye macho anayeyafikia. Unajua miguu imechoka kabla sisi hatujajua."

Na hilo lilikuwa kweli. Mguu mpya hukata barafu, mguu uliochoka huikwangua, na Reino alikuwa amewabadilisha wachezaji wake msimu mzima kwa mkwaruzo huo.

Alijifuta uso kwa mkono wa koti. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyebeba kabati ngazi nne na hatimaye akaambiwa, tua hapa hapa. "Basi," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Gordon, wewe kazi yako ni moja: simama. Usirukeruke, usitafute sifa. Nyinyi wengine, kisahani kisimfikie. Atakayekiona kinakuja, alale mbele yake."

"Kwa uso?" Zelinski akauliza.

"Uso wako hauna thamani kubwa, mwanangu. Ulale nao."

* * *

Bertucci alivua koti lake la timu akamvika Darlene, akampisha nyuma ya benchi, na mwamuzi akageuka upande wa pili kutazama saa. Toka hapo timu ikawa na kocha mmoja mwenye miili miwili.

"Nani anayekwangua kule kushoto?" Reino akauliza.

"Kumi na saba."

"Mtoe."

"Anakataa kutoka."

"Mwambie utamwambia mama yake."

"Kumi na saba! Rudi hapa kabla sijampigia mama yako simu Saskatchewan!"

Kumi na saba akarudi. Tukapata bao moja, wakapata moja, tukapata jingine. Kipindi cha pili kikaisha nne kwa mbili. Cha tatu Marchuk alifunga, akalala mbele ya shuti la Nyegere, akanyanyuka na jino pungufu, akalikabidhi kwa Darlene alishike. Dakika nne kabla ya mwisho Zelinski, au koti lake, akasawazisha. Nne kwa nne. Ukumbi wa mabati ulilia kama sufuria za harusini.

Dakika hizo nne nilizihesabu kwa meno. Nyegere walipiga mashuti tisa. Sita yaligonga watu waliolala chini, mawili yaligonga nguzo, na la tisa lilimgonga Gordon kwenye tumbo, pale zilipokuwa pasti, akalikumbatia akaanguka nalo kama mama aliyeokoa mtoto. Filimbi. Dakika sitini. Sare.

Pointi ilikuwa yetu.

Nyongeza ilidumu sekunde kumi na nane. Kisahani kilipita kwa Gordon polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa. Nyegere wakarusha magongo juu wakashangilia ushindi, kisha wakasimama mmoja mmoja, kwa sababu waliofungwa walikuwa wanaruka zaidi yao. Tulikuwa tumemmiminikia Gordon. Bibi wa safu ya mbele alikuwa akimbusu mwamuzi. Vandersloot alizunguka akihesabu mabao upya kwa vidole.

"Tumeshinda, sivyo?" nilimsikia akiuliza.

"Mmeshinda," Bertucci akamjibu. "Hongereni sana. Safari njema."

* * *

Prusak alishuka kwenye ujia akiwa na kofia mkononi. Reino hakumngoja azungumze.

"Wade, kabla hujanipa mkono. Sina macho. Nadhani ni mtoto wa jicho, yote mawili, tangu Oktoba. Nilikuficha."

Prusak akamtazama. Akamtazama Darlene na koti la Bertucci lililomfika magotini, na jino mkononi mwake. Rangi ilimpanda usoni. Alikuwa mtu wa kupiga kelele na tulingoja apige.

"Umenidanganya msimu mzima."

"Ndiyo."

"Ningekufukuza Novemba."

"Ndiyo sababu nilikudanganya."

"Na leo umenitia aibu mbele ya mji."

"Wewe mwenyewe ulipaza sauti," Darlene akasema. "Yeye alifuta jina moja tu, kimya kimya."

Prusak akazungusha kofia. Mtu wa matairi anajua hesabu: mtoano ni mechi mbili nyumbani, ukumbi umejaa. "Nilikuwa na makocha watatu kabla yako," akasema mwishowe, "wote wanaona mpaka ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyenifikisha mtoano." Akatoa simu. "Shemeji atakuona kesho Jumapili, akupeleke kwa mpasuaji Jumatatu. Bima ipo mpaka msimu uishe. Msimu haujaisha, mmeuburuta wenyewe."

"Na mkataba?" Darlene akauliza.

"Mama, nilisema mbele za watu."

"Ndiyo, nakukumbusha. Miaka miwili."

"Miwili," Prusak akasema. "Na yeye asiendeshe gari kwenda nyumbani."

Darlene akanyoosha mkono, na Reino akaweka funguo ndani yake bila kubishana. Nilimwona akipumua hadi chini, pumzi ya miezi sita.

* * *

Walimfanyia jicho la kwanza Jumatatu, na aliponiambia lilichukua muda gani niliona aibu kwa niaba yake: mkate wangu huoka muda mrefu zaidi. Miezi yote ile ya kupapasa kuta, kwa kitu kinachoisha kabla ya kahawa kupoa.

Asubuhi walipomfungua, alimtazama mkewe.

"Umeota mvi," akasema.

"Na wewe umekuwa ukinyoa nusu ya kidevu tangu Oktoba. Nilidhani ni mtindo."

Jumatano akaenda mazoezini. Alisimama kwenye ubao akawatazama Sululu wakizunguka, mara ya kwanza msimu ule kuwaona kweli kweli. Alitazama dakika tano nzima.

"Bertucci," akasema, "hawa ndio niliokuwa nikiwasifu?"

"Hawa hawa, kocha."

"Mungu wangu. Yule namba tisa anateleza kama anayetafuta pete aliyoidondosha."

"Ndivyo alivyo siku zote."

Kwenye mtoano tulitolewa kwa kufungwa mechi nne mfululizo, Lubomir akiwa golini na fomu ikisomwa na watu watatu kabla ya kutiwa wino. Hakuna aliyelia sana. Mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, na Reino aliusoma mwenyewe, hata yale maandishi madogo ya chini, kwa sauti, mara mbili, mpaka Prusak akaomba maji.

* * *

Mwezi wa tano, theluji ilipobaki kwenye vivuli tu, Darlene alibisha mlango wangu wa nyuma. Alikuwa na ndoo na koleo, na matope mpaka kiwikoni.

"Mama, nimekuja kuomba," akasema. "Una rubabi nyingi pale uani. Nigawie shina moja nikapande kwangu."

Rubabi, yale mabua mekundu makali tunayopikia pai, kila nyumba Hendry inayo. Kwao tu hakukuwa na hata jani.

Nikatoka na viatu vyangu vya mpira. "Unaijua tabia yake?" nikamuuliza, maana mchokozi hazeeki. "Mwaka wa kwanza haichumwi. Wa pili unaonja bua moja kwa kuiba. Pai ni mwaka wa tatu."

"Najua. Mama yangu alikuwa nayo."

"Na mkataba ni wa miaka miwili."

Darlene akachomeka koleo ardhini, akalikanyaga kwa mguu, na udongo ukafunguka.

"Chagua lenye mizizi mirefu," akasema.